Starlet Moja, Sauti Nne

Hoja yenyewe ilikuwa fupi. Kijana wa Makwasinyi anayetaka kuingia otokrosi na gari lake la nyumbani, shilingi yake ya kwanza aiweke kwenye nguvu au kwenye uzima wa gari? Kuijibu ndiko kulikotukalisha chini ya mgunga tangu saa nne asubuhi mpaka kivuli kikatuhama.

Gari lilikuwa mbele yetu, boneti wazi kama mgonjwa aliyeambiwa atoe ulimi. Toyota Starlet, ile EP82 ya mwanzo wa miaka ya 1990, milango mitatu, jeupe kwenye kitabu cha gari na jekundu machoni, maana hakuna kitu kinachotoka Maungu kikafika Makwasinyi na rangi yake. Mlima Kasigau ulikuwa bado umejitanda wingu kichwani.

Wasemaji ni wanne, na nimewaita kwa kazi na nasaba zao kwa sababu katika mjadala huu wao ni sauti za hoja kuliko za watu. Kijana ndiye mwenye gari. Dada yake ni mweka hazina wa chama cha wafuma vikapu vya mkonge, na ndiye ambaye mkopo ungepita mikononi mwake. Fundi alipanda kutoka Voi na sanduku la spana. Babu alikuja kwa sababu Babu huja. Mimi nilishika kalamu, na mara mbili tatu nikashindwa kunyamaza.

Kwa asiyeijua otokrosi: ya kwetu si ile ya Marekani, ambako watu hupanga koni za plastiki kwenye uwanja wa lami wa kuegesha magari wakazizunguka. Kenya ni mzunguko wa udongo. Gari hushindana na saa, na vumbi ni mshiriki halali. Magari hupangwa kwa madaraja: yanayosukumwa na magurudumu mawili na yanayosukumwa na manne, yenye turbo na yasiyo na turbo, yapo mabagi, na hata watoto wana daraja lao linaloitwa Bambino. Leseni na kanuni ni za shirikisho la michezo ya magari, KMSF. Yakumbuke hayo madaraja, yatarudi kumng'ata mtu.

KIJANA: Mimi sina maneno mengi. Injini hii ni 4E-FE, cc 1331. Ilipotoka Japani ilikuwa na farasi kama 100, na tangu siku hiyo wengine wameshatoroka zizini. Ndugu yake wa tumbo moja ni Starlet GT. Injini yake ni 4E-FTE, cc ni zile zile 1331, lakini amewekewa turbo, farasi 135. Bodi ni moja. Gari zima kilo mia nane na ushei. Volkswagen walipoionyesha Golf GTI ya kwanza pale Frankfurt mwaka 1975 ilikuwa na farasi 110 na uzito kama huu, na dunia ikapagawa mpaka leo. Mimi natafuta hiyo mashine ya turbo, nishushe hii, nipandishe ile. Halafu springi fupi gari lilale chini, rimu za inchi 16, na filta ya wazi, ile ya umbo la koni.

FUNDI: Umemaliza kununua?

KIJANA: Bado bomba la moshi.

FUNDI: Haya. Nipe kitambaa cheupe.

Hapo pakawa kimya. Dada alichana kipande cha shuka kuukuu akampa. Fundi akalegeza klipu ya ule mpira mnene unaotoka kwenye boksi la filta kwenda kwenye injini, akauvuta, akajifunga kitambaa kidoleni, akakizungusha ndani ya mpira taratibu kama mtu anayemsafisha mtoto sikio. Alipokitoa kilikuwa chekundu kama mdomo wa mla tambuu.

Kumbuka mahali alipopangusa. Alipangusa upande wa injini, baada ya filta. Vumbi lile lilikuwa limeshavuka mlango na linaelekea chumbani. Akapindua mpira juani: kwenye mikunjo yake kulikuwa na ufa wa urefu wa ukucha. Boksi la filta nalo, lenye vishikizo vinne, lilibaki na viwili, na vingine viwili nafasi yake ilichukuliwa na utepe wa tyubu ya baiskeli.

FUNDI: Huu ni msasa, mwanangu. Kila unapokanyaga mafuta unavuta msasa, unaupeleka kati ya ringi na ukuta wa silinda. Ringi zikilika mgandamizo unashuka, oili inapanda, na moshi wa buluu unatoka nyuma. Hao farasi unaosema wametoroka, mlango waliotokea ni huu hapa. Kabla hujanunua wapya, funga zizi.

KIJANA: Ndiyo maana nataka ile filta ya koni, Fundi. Inavuta hewa nyingi.

FUNDI: Inavuta hewa ya wapi? Ukiiacha wazi pale ndani inavuta hewa iliyochemshwa na injini, na hewa ya moto ni nyepesi, haina nguvu. Halafu inavuta kila linalorushwa na tairi la mbele. Hili boksi la kiwandani unaloliona la kizee linanyonya hewa ya nje, kule pembeni. Filta ya karatasi, ibadilishe kabla ya shindano na baada ya shindano. Paka grisi nyembamba kwenye ukingo wa boksi kote, vumbi likitafuta upenyo linase. Hiyo nayo ni modifikesheni, ila haina stika.

Hapa nilivunja ahadi ya kunyamaza. Miaka ile nilipokuwa na gari la kwanza, muuzaji mmoja wa spea aliniuzia koni inayong'aa na kuniapia kwamba injini ingepumua kama ya mbio. Ilipumua kweli. Mwaka haukuisha nikawa naongeza oili kila Jumapili kama mtu anayemwagilia mchicha. Kwa hiyo katika jambo hili la vumbi msinitafute kwenye uadilifu wa hakimu. Nina kesi ya zamani.

BABU: Niseme?

FUNDI: Sema, mzee.

BABU: Mnaongea kama gari la mbio limeanza juzi. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na sisi Taita tuliiona ikipita milimani kwetu, usiku, taa zinakata kona kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh na Volvo PV544. Watu wakasimulia mbio zake, wakamwita Singa anayepaa. Lile gari, mjukuu wangu, lilikuwa mtumba. Lilikuwa limeshakimbizwa Safari ya mwaka uliotangulia na dereva mwingine, wenyewe wakaliuza. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Alikulia kwenye gereji ya baba yake. Akalichukua gari lililochoka, akakaa nalo na ndugu yake Jaswant, wakalikagua, na huyo Jaswant ndiye aliyekaa naye kwenye kiti cha msaidizi. Wakawashinda wote.

KIJANA: Hiyo ni enzi ya zamani, Babu. Siku hizi bila nguvu hufiki popote. Mwaka 1993 nani alishinda? Toyota Celica, turbo, magurudumu manne. Na si nafasi ya kwanza tu, zilichukua 4 za mwanzo.

BABU: Nakubali. Na nyuma yao? Daihatsu Charade, nafasi ya 5, ya 6 na ya 7. Vigari vya kwenda navyo sokoni. Na mwaka huo huo Subaru walileta Vivio, kitu kidogo hata hiki chako kikionekana basi, cc 658. Ikaja na madereva wawili unaowajua. Mmoja Colin McRae wa Uskoti, mwingine Patrick Njiru wetu. McRae aliikimbiza mpaka watu wakacheka kwa mshangao.

KIJANA: Na Vivio ilikuwa na supachaja, Babu! Kipulizi! Unanisaidia mimi.

BABU: Zote mbili zilikuwa nacho. Ya McRae haikumaliza. Njiru alifika wa 12 na kushinda daraja lake. Kipulizi kilikuwa kimoja, sasa niambie tofauti ilikuwa nini.

Kijana hakujibu mara moja, na mimi nikaandika pembeni ya daftari: hii ndiyo hoja ya siku. Kwa sababu mzee hakukataa nguvu. Alichofanya ni kuweka magari mawili yenye nguvu ile ile kando kwa kando na kuuliza lipi lilifika. Mwaka uliofuata, 1994, Njiru alimaliza wa 4 na Impreza, na Ian Duncan, Mkenya mwingine, akashinda na Celica. Wote wawili ni watu waliolelewa na barabara hizi, wanaojua ni lini uache kukanyaga.

FUNDI: Turudi kwenye hili la kwetu. Unapanda nalo wapi kwenda kushindana? Nairobi. Kutoka Maungu ni zaidi ya kilomita 350. Una trela?

KIJANA: Sina.

FUNDI: Kwa hiyo gari linajibeba lenyewe, linakubeba wewe, linabeba tairi za akiba na jeki na chakula cha dada yako. Linafika, linapigwa siku nzima, halafu jioni linarudi kwenye barabara ya malori mpaka hapa. Hilo ni shindano la pili ambalo halina kombe. Wenzako wenye trela gari lao likifa wanalipakia. Lako likifa Emali, unalala Emali.

DADA: Na simu ya saa saba usiku napigiwa mimi.

FUNDI: Sasa iangalie hiyo mashine unayoitaka. Starlet ya mwisho ilitengenezwa mwaka 1999. Gari zima hulileti tena, sheria yetu haipokei gari lililozidi miaka 8. Utanunua injini ya mtumba iliyokaa kontena, na iliyo changa kuliko zote ina zaidi ya miaka 25. Mshipi wa taimingi hujui ulibadilishwa lini. Turbo yenyewe hujui ilizimwa vipi na waliotangulia, maana turbo inazunguka kwa oili, na mtu akitoka mbio akazima ghafla, oili inaungua mle mle kwenye beringi. Ukiipata nzima, bado unataka waya zake, kompyuta yake, giaboksi yake, ekseli zake, kipoza hewa chake. Halafu najua utafanya nini. Utaongeza presha.

KIJANA: Kidogo tu.

FUNDI: Kidogo tu. Hewa imeongezeka, petroli haijaongezeka, moto unawaka kabla ya wakati, na pistoni inavunjika kwenye kingo za ringi. Nimezitoa kwenye sampu vipande vipande. Ningekuwa nazihifadhi ningekuonyesha mkufu.

Halafu yakaja yale madaraja.

FUNDI: Leo hii, kama ulivyo, unaingia daraja la magurudumu mawili bila turbo. Humo mna Vitz, mna Corolla, mna Starlet kama yako, watu wa riziki kama wewe. Siku unafunga turbo, unahama. Unaingia kwa watu wenye turbo waliokutangulia miaka na mifuko. Umetumia mkopo wote kununua tiketi ya kwenda kushindwa na watu wengine.

Hilo, nikiri, sikuwa nimelifikiria. Na kwa uso wa Kijana, wala yeye.

KIJANA: Lakini kona, Fundi! Gari linakataa kona. Nikiingia kwa kasi linanyoosha tu kama punda aliyeona maji. Nguvu ndiyo italivuta.

FUNDI: Kinyume. Magurudumu yanayosukuma ndiyo hayo hayo yanayokata kona. Ukiyaongezea kazi ya kusukuma, kazi ya kukata yanaiacha. Na difu lako ni la wazi, tairi la ndani likiwa jepesi kwenye kona ndilo linalopewa nguvu yote. Litazunguka, litachimba shimo, litapiga kelele nzuri sana, na gari litabaki pale. Kona ya udongo inashindwa kwa tairi, kwa shokabzoba, na kwa mguu wa kushoto. Jifunze kugusa breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia uko kwenye mafuta: pua inainama, tairi za mbele zinashika, mkia unafuata. Kona ya mkato kabisa, handibreki. Handibreki yako inashika?

KIJANA: Inashika kwenye mlima.

FUNDI: Mlima upi?

Dada alicheka mpaka akaweka kikapu chini.

Kuhusu springi fupi Fundi hakutaka hata kubishana. Alilala chini ya gari na kumwita Kijana alale naye. Sampu ya injini ilikuwa na makovu mawili marefu ya mawe, na hilo ni gari la kimo cha kiwandani. Gari la udongo linataka kupanda, alisema akiwa kule chini, sauti ikitoka kama ya mtu kisimani. Springi ngumu kiasi, ndefu kiasi, shokabzoba nzuri nne kabla ya kitu kingine chochote, na bamba la chuma chini ya sampu. Rimu ziwe za inchi 14, tairi lenye ukuta mrefu, kwa sababu ule ukuta ndio shokabzoba ya kwanza. Rimu ya inchi 16 na tairi jembamba kama chapati, jiwe moja la barabara ya Rukanga linapinda rimu, upepo unatoka, na mchezo umekwisha.

Alichukua nondo akaiingiza kati ya mkono wa chini na bodi, akabinya. Bushi ikafunguka kama mdomo wa samaki. Akahamia linki ya stabilaiza, ikalia. Akahamia maunti ya injini, na injini nzima ikainuka kidogo kumsalimu. Vitu hivi vitatu, ukivijumlisha bei, havifiki hata bei ya kusafirisha ile mashine ya turbo kutoka Mombasa. Lakini ndivyo vinavyoamua kama gurudumu linaangalia kule unakolielekeza au linaangalia linakopenda lenyewe. Barabara ya kuja hapa ina mikunjo kama bati la paa, na mikunjo hiyo haina huruma na mpira wa miaka 30. Fundi ana desturi moja niliyoipenda: kila nati anayoikaza huko chini anaichora mstari wa rangi nyeupe, kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma. Jioni baada ya shindano anapita na tochi. Mstari ukiwa umevunjika, nati imetembea.

Mengine aliyapitisha haraka. Oili ijae mpaka alama ya juu, kwa sababu kwenye kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja na pampu inanyonya hewa. Radieta ioshwe kutoka ndani kwenda nje, si kinyume, maana mbegu za nyasi zimejipanga mbele kama meno. Na asiweke tena maji ya kisima. Maji yetu huku yana chumvi, chumvi inaganda kwenye njia za radieta kama kwenye birika, na injini inachemka siku ile ile unapoihitaji. Kwenye breki, mafuta ya DOT 4, mapya. Yakiwa mapya hayachemki mpaka nyuzi 230. Yakishanyonya unyevu yanaweza kuchemka kwa 155, na yakichemka pedali inazama mpaka sakafuni kama mguu kwenye matope.

DADA: Mmeongea tangu asubuhi. Nimehesabu turbo mara nyingi sana. Hakuna hata mmoja aliyetaja kofia.

Kimya kingine.

DADA: Pesa ni ya chama. Kila kikapu kimekaa mapajani mwa mtu usiku. Mimi nikisimama mbele ya akina mama niwaambie tumemkopesha kaka yangu, wataniuliza anarudisha vipi, na wataniuliza swali la pili: akipinduka? Nijibu nini? Kwanza kofia ya mbio, si ya bodaboda. Kiti kinachomshika na mkanda wa mbio. Kizima moto kilichofungwa kwa chuma. Na hiyo keji ya ndani.

KIJANA: Keji naweza kuchomelewa hapa Voi, mabomba yapo.

FUNDI: Mabomba ya maji? Usithubutu. Bomba la maji lina mshono, likipigwa linapasuka pale pale kwenye mshono na kugeuka mkuki. Kanuni za FIA zinataka bomba la chuma lisilo na mshono, lile la nguzo kuu milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Hapo mimi sichomelei, nitakupeleka kwa anayejua.

DADA: Na bima msiisahau. Bima ya gari la nyumbani haikufuati uwanjani, soma karatasi yako utaona. Halafu la mwisho, na hili kaka nalisema mbele ya Babu. Hutajifunzia hapa. Nakusikia jioni unavyokwenda na lile gari kwenye njia ya Rukanga. Njia hiyo wanapita watoto wa shule, mbuzi wa watu, na ndovu wanaovuka kati ya Tsavo Mashariki na Magharibi. Ndovu hana indiketa.

KIJANA: Sasa nijifunzie wapi, dada? Uwanja uko Nairobi. Wenzangu wa kule wanaamka, wanafika. Mimi nina barabara hii tu. Hata Njiru, hata Joginder, walijifunzia barabarani.

Hakuna aliyemjibu vizuri, na mimi sidhani kwamba lina jibu zuri. Kaunti nzima ya Taita Taveta ina ardhi ya kutosha kupotea ndani yake, maranchi yamezunguka Kasigau pande zote, na kijana anayetaka kujifunza kukata kona kwa usalama hana uwanja wa udongo uliofungiwa, wenye mtu wa huduma ya kwanza na ruhusa ya mwenye ardhi. Dada ana haki kuhusu watoto na ndovu. Lakini kumwambia mtu asiendeshe hapa bila kumwonyesha pa kuendesha ni sawa na kumfundisha kuogelea mezani. Kama yuko mwenye shamba kavu, tambarare, mbali na njia ya wanyama, anayesoma haya, basi ajue kuna wateja.

Kijana aliomba neno la mwisho, nikampa, kwa sababu gari ni lake.

KIJANA: Nimesikia. Lakini na mimi nisikilizeni. Kabla ya kuiota hiyo turbo, sikujua bushi ni nini. Gari lilikuwa la baba, likizimika tulikuwa tunaita mtu. Mimi niliona video ya Starlet GT, nikaanza kusoma, nikanunua spana ya kwanza, nikabadilisha plagi, nikabadilisha pedi. Hii yote ya kuwa hapa leo na Fundi amelala chini ya gari imeletwa na turbo ambayo sina. Mkiniambia niisahau, hata hizo bushi sitazijali. Mtu hahudumii kitu asichokipenda.

BABU: Hakuna aliyekwambia uisahau. Tumesema ingoje.

Hapo ndipo ninapoweka kura yangu, na siiweki katikati. Fundi ameshinda. Farasi 35 za ziada kwenye gari linalovuta vumbi na lenye bushi zilizokufa ni farasi za kulifikisha kwenye mti mapema zaidi. Kazi ya kwanza ya kuliboresha gari la namna hii ni kulirudisha lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani, na kazi hiyo peke yake, kwa Starlet iliyozeekea Makwasinyi, ni mwaka mzima wa wikendi. Ya pili ni yale yanayolifanya lifike: kimo, tairi, bamba, keji. Baada ya hapo, dereva. Turbo iko mbele huko, na ikifika zamu yake Kijana atakuwa mtu mwingine, pengine hata hataitaka. Lakini lile neno lake kuhusu mapenzi silifuti. Ningekuwa mimi ningelibandika kwenye ukuta wa gereji juu ya orodha ya Fundi, maana orodha ile bila mapenzi haimalizwi na mtu.

Chama kilitoa nusu ya mkopo. Mashine ya turbo haijanunuliwa. Umenunuliwa mpira mpya wa hewa, filta mbili za karatasi, vishikizo viwili vya boksi, bushi za mbele na shokabzoba nne, na kofia moja ambayo Dada anaificha chumbani kwake mpaka keji ikamilike. Fundi alipokuwa akifunga sanduku lake alimrudishia Kijana kile kitambaa, bila kukifua, akamwagiza achane kingine kama hicho, apanguse mpira ule ule baada ya kilomita 1,000, halafu ampelekee vyote viwili Voi.